Uzi: Nimejenga tela la boksi la kubebea pikipiki tatu. Njooni tukosoane

Kishoka wa Himo (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Nina pikipiki tatu za kukodisha wageni: Honda XR250 mbili na Suzuki DR650 moja. Mgeni anaondoka Moshi, anazunguka Same na Lushoto, anateremkia Pangani, anamalizia Dar, anapanda ndege kwenda kwao. Raha yake inaishia hapo, na yangu ndipo inapovurugika, kwa sababu pikipiki imebaki Dar na mimi niko Himo.

Miaka mitatu nimezirudisha kwa pikapu, mbili kwa safari, usukani mmoja unachungulia nje kama pembe za ng'ombe. Ya tatu ninaitafutia lori linalorudi tupu. Safari ya mwisho lori halikurudi tupu. Nilikuta magunia ya vitunguu yamelazwa juu ya tangi la DR, kioo kimoja hakipo, na dereva ananiuliza kama nitamwongeza ya chai.

Nikasema basi, natengeneza tela. Na liwe la boksi, lenye paa na mlango wa kufuli. Najua la wazi ni rahisi na jepesi, msianze. Mimi nalala njiani, na gesti nyingi uwanja ni wa wote. Vumbi nalo linanimaliza, kila nikifika nafungua chujio la hewa natoa nusu kilo ya wilaya ya Same.

Vipimo: urefu wa boksi mita 3, upana mita 1.8, kimo mita 1.9. Chesisi ni bomba la 75 kwa 50, unene milimita 3. Nguzo na paa ni skwea paipu ya 40. Sakafu marini bodi ya milimita 18. Mlango wa nyuma ni wa kulaza, ndio huohuo ngazi ya kupandishia. Sakafu iko sentimita 55 kutoka chini na mlango una mita 1.9, kwa hiyo mteremko si mkali, mtu mmoja anapandisha DR bila kuita jirani.

Nimeshalivuta mara moja. Nitasimulia yaliyonikuta, ila kwanza nataka kusikia mngeliweka wapi ekseli. Fundi wangu aliiweka katikati kabisa.

---

Mtazamaji

Naweka mkeka hapa. Picha ziko wapi mkuu?

---

Guta la Kariakoo

Katikati ni sawa kabisa. Nimesukuma mkokoteni miaka sita Kariakoo kabla sijapata kibanda. Mkokoteni ekseli yake iko katikati, mzigo unaupanga mpaka mpini unakuwa mwepesi mkononi. Ukizidi mbele unakuumiza mgongo, ukizidi nyuma unakuning'iniza juu kama kuku. Fundi wako anajua kazi.

---

Rula na Penseli

Guta, kwa mkokoteni uko sahihi. Lakini mkokoteni unakwenda mwendo wa mtu, na mtu mwenyewe anausahihisha kila hatua. Tela linakwenda 80, na gari halina mikono ya kuhisi mpini umekuwa mwepesi.

Tela linatakiwa liilemee gari kidogo shingoni. Kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote ikae kwenye gololi ya kuvutia, lile tufe la chuma nyuma ya gari. Ulaya wanakwenda chini zaidi ya hapo, ila kwa boksi refu lenye mzigo mimi nisingeshuka. Ikipungua sana mkia unaanza kucheza. Ikiwa nyuma ndiko kuzito kuliko mbele, ni suala la lini tu.

Kishoka, boksi lako ni mita 3. Ekseli ingekaa kama mita 1.8 kutoka ukuta wa mbele, yaani asilimia 60 hivi. Shingo ina urefu gani?

---

Kishoka wa Himo

Mita 1.4 kutoka ukuta wa mbele hadi kichwa cha tela.

Nanyi mmeshafika nilikotaka. Safari ya kwanza niliondoka Himo alfajiri na pikipiki tatu ndani kwenda kumpokea mteja Dar. DR niliipakia ya mwisho, ikakaa mlangoni, kwa kuwa ndiyo iliyotakiwa kushuka kwanza. Mpaka Same shwari kabisa, tela linafuata kama mbuzi wa kamba. Karibu na Hedaru, barabara imenyooka, niko 90 kwenye Hilux, basi likanipita. Upepo wake ukasukuma boksi upande mmoja, halafu ukalivuta upande wa pili. Nikaona kwenye kioo cha kulia tela linachungulia. Kisha kwenye kioo cha kushoto. Kisha kulia tena, safari hii nikasoma maandishi yote ya ubavuni.

Nikakanyaga breki. Kosa. Hilux ikapungua mwendo, tela halina breki, likaja linanisukuma matako kwa pembe. Niliponyoosha usukani na kuondoa miguu yote kwenye pedali ndipo likatulia lenyewe, polepole, huku mkononi nimeshika usukani utadhani mtoto mchanga. Nilisimama pembeni nikakaa juu ya jiwe dakika 20. Mzee mmoja mwenye baiskeli akaniuliza kama nimefiwa.

Kutoka hapo hadi Dar nilikwenda 50.

---

Rula na Penseli

Pole sana kaka. Ngoja nikuonyeshe kilichotokea, hesabu yake ni fupi.

Tela na mzigo tuseme kilo 1,000. Kitovu cha uzito tuseme kiko mita 1.45 kutoka ukuta wa mbele. Ekseli ikiwa mita 1.5, tofauti ni sentimita 5 tu. Zidisha kwa 1,000, gawanya kwa umbali kutoka ekseli hadi gololi, ambao ni mita 2.9. Unapata kilo 17 shingoni. Hapo DR hujaisogeza mlangoni. Ukiisogeza, kitovu kinarudi nyuma na hizo 17 zinaisha.

Ekseli ikiwa mita 1.8: tofauti sentimita 35, umbali mita 3.2. Kilo 109. Asilimia 11. Sentimita 30 tu za fundi ndizo zilizokukalisha juu ya jiwe.

---

Guta la Kariakoo

Nimeelewa. Naondoa neno langu. Ila mkokoteni bado katikati.

---

Fundi Mwale

Shikamooni wakubwa. Mimi nachomelea, nina karakana ndogo. Naomba nimtetee fundi kidogo: mteja akija anasema "nataka liwe imara", hasemi litavutwa na nini wala litabeba nini. Fundi anasikia "imara" anaongeza chuma. Kishoka, ukuta umeweka nini?

---

Kishoka wa Himo

Marahaba fundi. Hapo ndipo tulipogombana. Yeye alitaka bati jeusi la milimita 1.5 pande zote pamoja na paa. Alishaniandikia na idadi ya mabati.

Nilikwenda kuhesabu usiku. Bati la chuma la unene wa milimita 1, mita moja ya mraba ina karibu kilo 8. Kuta zangu, paa na mlango ni kama mita 23.6 za mraba. Kwa milimita 1.5 ni karibu kilo 280, yaani pikipiki mbili zaidi zilizogundishwa ukutani zisizolipa kodi! Alumini ya milimita 1.2 kwa eneo hilohilo ni kilo 76. Nikachukua alumini. Bei yake ilinitoa jasho, sitaki kuisema hapa mke wangu anasoma.

Mengine kwa makadirio: chesisi na shingo kilo 100, mifupa ya juu 90, sakafu 58, ekseli na springi na tairi 120, mlango na bawaba zake 40, taa, jeki ya mbele na vikorokoro 30. Tupu linakaribia 515. Pikipiki tatu 425, vifaa na helmeti 60. Ndiyo hiyo 1,000 ya Rula.

---

Fundi Mwale

Vizuri. Mifupa ikiwa na mishazari huhitaji bati nene, bati linazuia mvua tu, nguvu iko kwenye pembetatu. Wengi wanasimamisha nguzo wima tupu halafu wanategemea bati lishike. Likipita matuta mwezi mmoja, riveti zinaanza kulia.

Na wakati wa kuunganisha chesisi: shika kwa vidoti kwanza, pima kona kwa kona, zilingane, ndipo uchomelee, huku kidogo na kule kidogo. Ukimaliza upande mmoja wote, joto linalivuta linakuwa ndizi. Ekseli nayo upime kutoka kichwa cha tela hadi kila mwisho wa ekseli. Tofauti hata ya nusu sentimita, tela litatembea kama kaa na tairi utanunua kila msimu.

---

Mwambao

Alumini juu ya chuma? Hapa Tanga hiyo inaliwa. Chumvi na unyevu vikipata mahali chuma na alumini vinapogusana, alumini inageuka unga mweupe kuzunguka kila riveti. Rangi chuma chako vizuri kwanza, halafu weka utepe wa mpira au gundi ya Sikaflex katikati. Mimi sikufanya hivyo kwenye boksi la samaki, mwaka wa pili nikawa navuta riveti kwa vidole.

---

Mama Tairi

Habari zenu. Niko Makambako, nauza tairi. Mtu asinitajie upepo, huku kwetu upepo ni mkazi.

Nimesubiri mtu aulize tairi hakuna. Kishoka umevalisha nini? Maana matela nayaona hapa yamevalishwa tairi zilizofukuzwa kwenye gari.

---

Kishoka wa Himo

Mama nisamehe kabla sijajibu. Zilikuwa 185/65R15 zilizotoka kwenye gari la shemeji.

---

Mama Tairi

Nimekusamehe, ila sikiliza. Ubavuni kuna namba baada ya kipimo. Hiyo saizi mara nyingi inaandikwa 88. Maana yake tairi moja inabeba kilo 560. Mbili 1,120. Wewe una tela la 1,000 kwenye lami iliyonyooka. Kwenye tuta, tairi moja inapoanguka, hakuna aliyebaki salama.

Tafuta 195R14C, ile yenye C mwishoni, tairi ya gari la mizigo. Inaandikwa 106/104, na 106 ni kilo 950 kwa tairi moja. Halafu tafuta herufi DOT na namba nne za mwisho. Ikiandikwa 2318, ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tela linakaa sana juani bila kutembea, tairi inazeeka ikiwa na meno yote. Usidanganywe na meno, hata mimi bibi yangu alikufa na meno yote.

---

Mtazamaji

Bibi apumzike kwa amani. Picha mkuu.

---

Jua Kali ya Nakuru

Boss, congrats kwa kazi. Hapa Kenya tela lina namba yake inayoanza na Z, ukionekana bila hiyo hata kilomita tano hufiki. Huko kwenu inakuwaje?

Pia cheki gololi. Kuna za milimita 50 na kuna za inchi 2 ambazo ni milimita 50.8. Kichwa cha inchi 2 juu ya gololi ya 50 kinakubali kufunga vizuri, lakini kinagongagonga kwenye matuta na kinalika. Nimeona kimoja kikiruka. Minyororo miwili, uipitishe msalaba chini ya shingo, ili kichwa kikichomoka kiangukie kwenye minyororo, kisichimbe barabara.

---

Kishoka wa Himo

Huku unasajili TRA (mamlaka ya mapato), tela linapata namba yake yenyewe ya T kama gari. Ndiyo maana malori ya huku yana namba mbili, ya kichwa na ya tela. Ushauri wangu, nenda ukaulize wanachotaka kabla hujawasha mashine ya kuchomelea. Mimi nilikwenda baada, nikazungushwa na makaratasi kuliko chuma chenyewe.

Trafiki nao wana yao. Mmoja alinisimamisha akazunguka tela mara mbili, akaniuliza, "Hii jeneza au?" Nikafungua mlango, akaziona pikipiki zimefungwa vizuri, akaita wenzake waje waone. Tulikaa pale nusu saa nikiwafundisha kufunga mkanda.

---

Binti Racheti

Basi tufundishe na sisi, maana mimi ndio nimekuja kwa hilo. Nilisafirisha yangu kwenye pikapu kutoka Dodoma, ikafika imelala.

---

Kishoka wa Himo

Dada pole. Ninavyofanya: sakafuni nimechomelea vishika tairi vitatu, tairi ya mbele inaingia inabanwa. Ya kushoto na ya kulia zinatazama mbele, ya katikati inatazama nyuma, kwa hiyo sukani hazigongani. Upana wa 1.8 haukubali tatu zikitazama upande mmoja, nimejaribu.

Mikanda minne ya racheti kwa kila pikipiki. Ya mbele usiishike kwenye ncha za usukani, shika chini, pale shokapu zinaposhikwa na kichwa cha fremu. Tumia vitanzi vya kitambaa, ndoano usiiweke moja kwa moja kwenye chuma. Vuta mpaka shokapu zishuke nusu, usizilaze zote. Sababu ni matuta: pikipiki ikishuka, mkanda unalegea sekunde moja, na ndoano isiyo na kitanzi inatumia sekunde hiyohiyo kutoroka. Nadhani yako ilikufa hivyo. Stendi ya pembeni uikunje, isiachwe chini.

Simama baada ya kilomita 20 ukaze tena. Mikanda mipya inanyooka.

Na ufunge koki ya mafuta! Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unajaa sakafuni. Nimetoboa matundu ya wavu chini kabisa, kila upande mawili. Matundu ya juu peke yake hayasaidii.

---

Mzaramo wa Texas

Huku watu wananunua boksi tupu la futi 6 kwa 12 halafu wanapanga ndani wenyewe. Mbele wanalichonga kama pua ya mashua, linapasua upepo. Ekseli moja ya huku imeandikwa pauni 3,500, kama kilo 1,590, na breki za umeme unaziendesha kwa kitufe karibu na usukani. Mkia ukianza kucheza unagusa kitufe, tela linajivuta lenyewe nyuma na kunyooka.

Onyo kwa anayetaka kuagiza la huku: waya za taa ziko nne, indiketa na taa ya breki zinatumia waya mmoja. Gari la Kijapani indiketa yake ni ya njano, ina waya wake. Ukiunganisha hivihivi, ukikanyaga breki huku umewasha indiketa, mtu wa nyuma anaona disko. Kuna kiboksi cha kutafsiri, ununue pamoja.

---

Rula na Penseli

Kishoka, breki je? Nchi nyingi tela likizidi kilo 750 linatakiwa kuwa na breki zake. Wewe uko 1,000.

---

Kishoka wa Himo

Nimeweka za kujisukuma. Kichwa cha tela kina bomba linaloteleza: gari likipunguza mwendo, tela linasukuma bomba, bomba linavuta kebo, kebo inabana breki. Hakuna umeme. Ubaya, ukirudi nyuma nazo zinabana, kwa hiyo kuna kipini cha kuzifunga, na nimekisahau mara mbili nikadhani giaboksi imekufa.

Ekseli nimeirudisha nyuma hadi 1.8, tairi ni za Mama. Kisha nikaenda kwa jirani yangu anayenunua mahindi, ana mizani ya chini ya kupimia magunia. Nikaweka kichwa cha tela juu ya kigogo, kigogo juu ya mizani, tela limelala sawa kama linavyokaa likivutwa, pikipiki zote ndani. Vibarua wa mahindi wakaweka dau. Ikasoma 104.

Juzi nimepita palepale Hedaru. Basi limenipita, boksi likasogea kidogo, likarudi. Nilikuwa 75.

Sasa tatizo jipya. Nilitoka lami kwenda Pangani, kilomita 40 za vumbi. Nimefungua mlango, pikipiki ni nyekundu! Helmeti nyekundu, hata ndani ya vishika tairi. Mlango una mpira pande zote. Nimejenga boksi zima kwa ajili ya vumbi na vumbi limepanda bure.

---

Dereva wa Nyikani

Naendesha watalii, Arusha. Hii tunaijua. Boksi likikimbia, nyuma yake hewa inakuwa pungufu, vumbi linajikusanya pale kisha linanyonywa ndani kwenye kila upenyo. Na wewe umetoboa matundu chini, karibu na tairi, ukawafungulia mlango kabisa. Kuongeza mpira hakutakusaidia.

Ingiza hewa kutoka mbele juu, ambako vumbi ni kidogo. Toboa paani karibu na ukuta wa mbele, weka mdomo unaotazama mbele, na sponji ya chujio ndani. Ukikimbia, boksi linajaa hewa, hewa inatafuta kutoka, na vumbi halipati nafasi ya kuingia. Matundu ya chini yaache, sasa yatakuwa ya kutokea. Kwenye Land Rover za zamani tulifungua kioo cha mbele tukafunga vya nyuma, kazi ni hiyohiyo.

---

Mwambao

Mdomo huo uwe na mfuniko wa kuziba ukilipaki. Mvua ya Tanga haiulizi.

---

Kishoka wa Himo

Wakuu nimerudi baada ya wiki mbili. Mdomo nimeutengeneza kwa bati la mabomba ya mvua, sponji nimeikata kutoka godoro la mtoto (kimya). Nimekwenda Pangani na kurudi kwa njia ileile.

Sakafuni karibu na mlango kuna vumbi la kijiko kimoja. Pikipiki zote tatu bado nyeusi. Chujio la DR nimelifungua, nimelirudisha bila kuosha.

---

Mtazamaji

Mkuu hongera. Mbuzi wanne wanaenea humo? Nina sherehe Jumamosi.

---

Kishoka wa Himo

Hawaingii. Picha nazipandisha leo usiku.